Majina Yaleyale, Tabia Tofauti: Uhakiki wa Maktaba ya localForage katika Usimamizi wa Hifadhi ya Kivinjari

Maktaba za JavaScript zinazosimamia hifadhi ya ndani ya kivinjari husifiwa aghalabu kwa sifa moja, nayo ni wepesi wa kuzitumia. Mwandishi wa programu huita amri moja, data ikahifadhiwa. Huita nyingine, data ikarudi. Maktaba ya localForage, iliyotambulishwa na Mozilla mwaka 2014 na kutolewa chini ya leseni ya Apache 2.0, ni miongoni mwa zilizosifiwa zaidi kwa sifa hiyo. Sehemu hii inaihakiki maktaba hiyo kwa kuchunguza uamuzi mmoja uliofanywa na waundaji wake: kuyaazima majina ya amri za localStorage na kuyaweka juu ya hifadhi nyingine yenye tabia tofauti. Hoja inayojengwa ni kwamba uamuzi huo ndio uliozipa programu nyingi njia rahisi ya kuhama kutoka hifadhi ndogo kwenda hifadhi kubwa, na ni huohuo unaosababisha upotevu wa data usiotoa ishara yoyote ya hitilafu.

Ili uhakiki usielee hewani, hoja zote zinapimwa kwa mfano mmoja wa kubuni. Chukuliwe programu ya mhudumu wa afya ya jamii anayepita kaya kwa kaya akiwa na simu ya bei nafuu, mahali ambapo mtandao hupatikana kwa kubahatisha. Programu inaendeshwa ndani ya kivinjari. Kila ziara huandikwa kwanza kwenye simu, kisha hupelekwa kwenye seva mtandao unapopatikana. Katika mazingira hayo, hifadhi ya kivinjari si ghala la akiba la kuharakisha ukurasa kufunguka. Kwa saa kadhaa, na pengine kwa siku kadhaa, ndiyo nakala pekee iliyopo duniani ya kile alichokisema mama mjamzito kuhusu hali yake.

Hifadhi iliyotangulia na pengo lililoachwa

Kabla ya localStorage, kivinjari kiliweza kutunza taarifa za tovuti kwa vidakuzi, ambavyo kila kimoja hubeba takribani kilobaiti 4 tu na husafirishwa kwenda kwenye seva katika kila ombi. localStorage iliondoa usumbufu huo. Ina amri chache zinazoeleweka kwa majina yao: setItem huweka, getItem huchukua, removeItem huondoa, clear hufuta zote. Kikomo chake cha kawaida ni takribani megabaiti 5 kwa kila chimbuko, yaani kwa kila muungano wa itifaki, jina la tovuti na mlango wake.

Unyenyekevu huo una gharama tatu. Ya kwanza ni kwamba localStorage hupokea maandishi tu. Kitu kingine chochote hugeuzwa kuwa maandishi, hata thamani tupu ya undefined, ambayo huhifadhiwa kama neno lenye herufi tisa. Ya pili ni udogo wa nafasi. Ya tatu, na iliyo nzito zaidi kwa wataalamu wa utendaji, ni kwamba kila amri yake ni ya kungoja: uzi mkuu wa programu husimama hadi uandishi ukamilike, na katika muda huo ukurasa hauwezi kuitika hata mguso wa kidole.

Majaribio ya kutoa mbadala hayakwenda sawia. Web SQL, iliyowapa waandishi wa programu hifadhidata ya mahusiano ndani ya kivinjari, iliachwa na W3C mwezi Novemba 2010 kwa sababu watekelezaji wote walikuwa wametegemea programu moja, SQLite, na hivyo hapakuwa na utekelezaji huru wa kulinganisha. IndexedDB ilifikia hadhi ya pendekezo rasmi la W3C Januari 2015. Ina uwezo mkubwa, lakini kuitumia kuandika neno moja tu kunadai kufungua hifadhidata, kutaja toleo, kushughulikia tukio la kupandisha toleo, kuunda ghala la vitu, kufungua muamala, kutuma ombi, kisha kusubiri tukio la mafanikio. Mwandishi aliyezoea setItem huona kama ameombwa kujenga bandari ili avushe mtumbwi.

localForage iliingia katika pengo hilo. Hujaribu kwanza IndexedDB. Ikishindikana hushuka kwenye Web SQL. Hiyo nayo ikikosekana hushuka kwenye localStorage. Kila moja ya njia hizi tatu hufungwa ndani ya kiendeshi chake, na mwandishi wa programu haoni tofauti, kwa kuwa amri anazoita ni zilezile: setItem, getItem, removeItem, clear, key, length. Kilichoongezwa ni kwamba kila amri hurudisha ahadi badala ya jibu la papo hapo.

Umakini unaoonekana katika mambo madogo

Itakuwa si haki kuihakiki maktaba hii bila kutambua uangalifu uliomo ndani yake. Kabla ya kukubali kiendeshi cha localStorage, msimbo hauishii kuuliza kama kitu hicho kipo. Huandika ufunguo wa majaribio na kuona kama uandishi unakataliwa. Uangalifu huo una sababu ya kihistoria. Kwa miaka kadhaa, dirisha la faragha la Safari lilionyesha localStorage kuwa ipo ilhali mgawo wake wa nafasi ulikuwa sifuri, hivyo kila uandishi ulitupa kosa.

Vilevile, maktaba imehakikisha kwamba undefined ikihifadhiwa, kinachorudi ni null, iwe kiendeshi ni kipi. Sababu ni kwamba localStorage yenyewe hurudisha null kwa ufunguo usiokuwapo. Waundaji walichagua kuishusha hadhi hifadhi yenye uwezo mkubwa ili ilingane na yenye uwezo mdogo, na wakalitaja jambo hilo katika nyaraka zao za maelezo. Huu ni ushahidi muhimu kwa hoja inayofuata. Unaonyesha kwamba waundaji walijua kuwa viendeshi vitatu vinaweza kutoa majibu matatu kwa swali moja, na kwamba katika suala la null waliona ni wajibu wa maktaba kuyasawazisha.

Tarehe inayogeuka maandishi

Usawazishaji huo haukuendelezwa. IndexedDB huhifadhi thamani kwa utaratibu wa unakili wa kimuundo, ambao unazitambua aina nyingi za vitu: tarehe hurudi ikiwa tarehe, na Map hurudi ikiwa Map. Kiendeshi cha localStorage hupitisha thamani za kawaida katika JSON. Huko tarehe hugeuka maandishi na hairudi tena kuwa tarehe, Map hugeuka kitu kitupu kisicho na chochote ndani, na NaN hugeuka null. Kwa data za kibaiti, kama vile Blob na ArrayBuffer, maktaba imeandika kigeuzi chake chenyewe kinachoweka alama ya utambulisho mbele na kusimba yaliyomo kwa base64, kisha kuyafungua wakati wa kusoma. Kwa gharama ya kila baiti 3 kuwa herufi 4, picha inaokolewa. Tarehe, ambayo ingehitaji juhudi ndogo zaidi, imeachwa.

Watetezi wa maktaba watasema kwamba nyaraka zake zinaorodhesha aina zinazokubalika, na tarehe haimo katika orodha hiyo. Hoja hii ni ya kweli lakini haitoshelezi. Orodha isiyo na mlinzi ni ombi. Maktaba ambayo hutoa onyo katika dirisha la msanidi pale ufunguo usipokuwa maandishi haitoi onyo lolote pale thamani isipokuwa katika orodha. Zaidi ya hapo, katika kiendeshi cha IndexedDB, ambacho ndicho mwandishi wa programu atakijaribia kazi yake mezani, tarehe hufanya kazi bila dosari. Mwandishi anafundishwa na matokeo ya majaribio yake mwenyewe kwamba orodha ile ni ya tahadhari tu.

Kuna mambo mawili katika muundo wa maktaba yanayozidi kulificha tatizo. La kwanza ni kwamba setItem katika kiendeshi cha localStorage hurudisha thamani ya asili iliyopokelewa, na si ile iliyoandikwa. Mwandishi akichunguza kilichorudi baada ya kuhifadhi, ataona tarehe kamili. La pili linahusu maelezo ya aina yanayoambatana na maktaba kwa watumiaji wa TypeScript. Maelezo hayo yanaruhusu getItem kudai kwamba kinachorudi ni cha aina yoyote aliyoitaja mwitaji, au null. Kikaguzi cha aina, chombo ambacho mwandishi hukitegemea kimwonye, hapa kinamthibitishia jambo ambalo maktaba haikuwahi kulihakikisha.

Madhara yake yafuatiliwe katika mfano wa mhudumu wa afya. Programu huhifadhi tarehe ya ziara ijayo na kila asubuhi hulinganisha tarehe hiyo na tarehe ya leo ili kuonyesha kaya ambazo ziara zao zimepitwa na wakati. Chini ya IndexedDB ulinganisho ni sahihi. Chini ya localStorage, upande mmoja wa ulinganisho ni maandishi na upande mwingine ni tarehe. JavaScript hujaribu kuyageuza maandishi hayo kuwa namba, hupata NaN, na ulinganisho wowote wa ukubwa unaohusisha NaN hutoa jibu la uongo. Hakuna kosa linalotupwa. Orodha ya kaya zilizochelewa hutokea tupu, na orodha tupu, kwa mhudumu mwenye siku ndefu mbele yake, ni habari njema.

Hali hiyo si ya kinadharia. Hadi toleo la 115 la mwaka 2023, dirisha la faragha la Firefox halikuruhusu IndexedDB kufanya kazi. Programu ileile, katika simu ileile na kivinjari kilekile, ilishuka kimya kwenye kiendeshi cha mwisho kwa sababu tu mtumiaji alifungua dirisha la aina nyingine. Maktaba ina amri iitwayo driver inayotaja kiendeshi kilichochaguliwa, na mwandishi mwangalifu angeweza kuiuliza. Lakini maktaba iliyojengwa ili mwandishi asijali kiendeshi haiwezi kumlaumu asipojali.

Ahadi na pengo lililomo ndani yake

Istilahi ya ahadi inastahili kutuliwa kidogo. Kiswahili kina msemo kwamba ahadi ni deni, na tafsiri hiyo imekaa vizuri kuliko inavyodhaniwa: baina ya kuahidi na kulipa kuna muda, na katika muda huo mambo mengine hutokea. Hapa ndipo lilipo badiliko kubwa zaidi ambalo majina ya kuazima yanalificha.

Katika localStorage, programu inaposoma orodha, ikaiongezea kipengele na kuiandika upya, hatua hizo tatu hufuatana bila kuingiliwa na msimbo mwingine wa kichupo hichohicho. Si kwa sababu ya ulinzi wowote uliopangwa, bali ni kwa kuwa uzi ni mmoja na kila amri ni ya kungoja. Ubaya uleule unaosimamisha ukurasa ulikuwa, bila kukusudiwa, kufuli. Waandishi wengi wa programu wamejenga juu ya kufuli hilo bila kujua kwamba lipo, kama mtu anayeegemea ukuta gizani.

localForage huliondoa. Mwandishi anayehama huelekezwa na ufanano wa majina kwamba kazi yake ni kuongeza neno await mbele ya kila amri. Baada ya hapo msimbo huonekana vilevile, isipokuwa kila await ni mlango ambamo msimbo mwingine unaweza kupita. Katika programu ya mhudumu, foleni ya ziara zinazosubiri kupelekwa kwenye seva imehifadhiwa kama orodha moja chini ya ufunguo mmoja. Mhudumu anabonyeza kitufe cha kuhifadhi ziara ya saba. Wakati huohuo mtandao umerudi, na kazi ya kupeleka data imemaliza kupeleka ziara ya kwanza na inataka kuiondoa kwenye foleni. Kazi zote mbili zinasoma orodha yenye ziara sita. Ya kwanza inaandika orodha ya ziara saba. Ya pili, ambayo haijui kilichotokea, inaandika orodha ya ziara tano. Ziara ya saba imetoweka, na ahadi zote mbili zimetimizwa bila kosa.

Yafaa kusisitizwa kwamba IndexedDB yenyewe ina tiba ya ugonjwa huu. Muamala mmoja wa kusoma na kuandika unaweza kubeba hatua zote tatu, na miamala miwili ya aina hiyo juu ya ghala moja haiendeshwi kwa pamoja, hata ikitoka katika vichupo tofauti. localForage hufungua muamala wake kwa kila amri na kuufunga, na haimpi mwandishi njia ya kuunganisha amri mbili katika muamala mmoja. Kwa maneno mengine, maktaba imechukua hifadhi yenye miamala na kuifanya itende kama hifadhi isiyo nayo, ili ifanane na hifadhi ambayo haikuihitaji ndani ya kichupo kimoja. Usawazishaji wa null ulimgharimu mtumiaji kitu kidogo. Huu unamgharimu kinga.

Mtetezi ana jibu lenye uzito hapa, nalo ni kwamba localStorage pia haikuwa salama mbele ya vichupo viwili. Ni kweli. Vipimo vya awali vya HTML vilikuwa na wazo la kufuli la pamoja kwa ajili ya hifadhi hiyo, na wazo hilo likaja kuondolewa. Hata hivyo, mtumiaji wa simu mwenye kichupo kimoja ndiye hali ya kawaida, na kwa mtumiaji huyo kuhama kutoka maktaba ya zamani kwenda mpya ni kuhama kutoka usalama wa bahati kwenda hatari ya hakika. Mwandishi anaweza kujikinga kwa kuipa kila ziara ufunguo wake mwenyewe badala ya kuzikusanya katika orodha moja, au kwa kutumia kiolesura cha kufuli cha navigator.locks ambacho vivinjari vikuu vya sasa vinakiunga mkono. Njia zote mbili ni rahisi. Ugumu ni kujua kwamba zinahitajika.

Kuna kasoro ndogo inayoambatana na hii. Maktaba inaposhuka kwenye kiendeshi cha localStorage, bado hurudisha ahadi, lakini uandishi wenyewe ndani ya ahadi hiyo ni uleule wa kungoja. Uzi mkuu husimama kama kawaida. Mwandishi amelipa gharama ya kutongoja, pamoja na milango yote iliyoelezwa hapo juu, na hakupata faida yake. Kufanana kwa kiolesura ni kwa kweli. Kufanana kwa utendaji ni kwa sura tu.

Ulinganisho na PouchDB

Uzito wa hoja hii unaonekana vizuri zaidi localForage ikiwekwa kando ya maktaba iliyochagua njia nyingine. PouchDB nayo huhifadhi data katika kivinjari juu ya IndexedDB, lakini haikuazima majina ya localStorage. Iliiga hifadhidata ya CouchDB. Kila hati ina alama ya toleo lake. Anayetaka kuibadilisha hati sharti aonyeshe alama ya toleo alilolisoma, na kama hati imebadilishwa na mwingine baada ya usomaji huo, uandishi hukataliwa kwa kosa la mgongano lenye namba 409.

Mwandishi anayeanza huichukia tabia hiyo. Anataka kuhifadhi, naye anaulizwa maswali. Lakini swali analoulizwa ndilo lililomwangusha mhudumu wa mfano: je, ulichokisoma bado ndicho kilichopo? PouchDB inamlazimisha mwandishi kulijibu wakati wa kuandika programu. localForage inaliacha lijibiwe na bahati siku programu inapotumika.

Ulinganisho huu una uhusiano wa moja kwa moja na Afrika Mashariki. Community Health Toolkit, zana huria ambayo juu yake umejengwa mfumo wa kielektroniki wa taarifa za afya ya jamii nchini Kenya, eCHIS, hutumia PouchDB kwenye kifaa cha mhudumu na CouchDB kwenye seva. Waundaji wa zana hiyo walikuwa na kazi ambayo mfano wa sehemu hii umeiiga: data ya mgonjwa inayoishi kwenye simu kabla haijafika kwenye seva. Walichagua maktaba inayoukubali mgongano kuwa jambo la kawaida. Haimaanishi kwamba PouchDB ni bora kwa kila kazi. Ni nzito zaidi, na kwa programu inayotunza rangi ya mandhari aliyoichagua mtumiaji, au rasimu ya ujumbe, kuibeba ni kupoteza nafasi na data ya simu. Tofauti iliyopo ni ya aina ya kazi, na majina ya amri za localForage hayamsaidii mwandishi kuitambua tofauti hiyo.

Udumifu wa kilichohifadhiwa

Suala la mwisho linahusu muda ambao data hukaa. localForage haina njia ya kuhamisha data kutoka kiendeshi kimoja kwenda kingine kwa yenyewe. Historia yake na Safari inaonyesha kwa nini jambo hilo lina uzito. Matoleo ya Safari kabla ya 10.1 yalikuwa na IndexedDB yenye kasoro, na maktaba iliamua kuikwepa. Namna ilivyolitambua toleo ni ya ujanja: kama kivinjari kinaonekana kuwa Safari, msimbo huangalia kama funksheni ya fetch ipo na ni ya asili ya kivinjari, kwa kuwa fetch ilikuja na toleo hilohilo la 10.1. Kuwapo kwa kitu kimoja kunachukuliwa kuwa ushahidi wa uzima wa kitu kingine kisichohusiana nacho. Mbinu hiyo ilifanya kazi. Lakini mtumiaji aliyekuwa na data katika Web SQL, kisha akasasisha kivinjari chake, alifunguliwa ghala jipya la IndexedDB lililokuwa tupu. Data yake ya zamani ilikuwa bado kwenye kifaa, mahali ambapo programu haikuangalia tena.

Leo njia ya kati ya zile tatu imekufa. Safari iliiondoa Web SQL katika toleo la 13 la mwaka 2019, na Chrome ikaiondoa kwa watumiaji wa kawaida katika toleo la 119 la mwaka 2023. Toleo la 1.10.0 la localForage, la mwaka 2021, bado linabeba kiendeshi chake. Kila anayepakua maktaba hiyo analipia msimbo huo kwa data ya simu yake.

Aidha, tangu Machi 2020 Safari hufuta hifadhi yote inayoandikwa na msimbo wa ukurasa, IndexedDB na localStorage zikiwamo, endapo kivinjari kimetumika kwa siku 7 bila mtumiaji kuigusa tovuti husika. Vivinjari vingine huihesabu hifadhi ya kawaida kuwa ya kujitahidi tu, inayoweza kuondolewa nafasi ya kifaa ikipungua, na kwenye simu yenye nafasi ndogo hali hiyo haiko mbali. Kiolesura cha navigator.storage kina amri ya persist ya kuomba data isiondolewe, na amri ya estimate ya kuuliza nafasi iliyobaki. localForage haiziiti. Mhudumu aliyekwenda likizo ya wiki mbili akiwa na ziara ambazo hazijapelekwa anaweza kurudi akute foleni tupu, na hapa kosa si la kiendeshi wala la await. Neno setItem kwa mwandishi lilimaanisha kuweka. Kwa kivinjari lilimaanisha kuweka hadi itakapoamuliwa vinginevyo.

Kuhusu usalama, hakuna jipya la kusema: kilichomo katika hifadhi hizi zote husomeka na msimbo wowote unaoendeshwa katika chimbuko hilohilo, na OWASP inashauri vitambulisho vya kikao visiwekwe humo. localForage haibadilishi hali hiyo wala haidai kuibadilisha.

Marekebisho ambayo uhakiki huu unayadai hayahitaji kuvunja kiolesura kilichopo. Kuonya pale thamani isiyomo katika orodha inapohifadhiwa ni kazi ya mistari michache, kwa kuwa maktaba tayari hufanya hivyo kwa funguo. Kurudisha kutoka setItem thamani iliyoandikwa badala ya iliyopokelewa kungeifichua tarehe iliyogeuka maandishi siku ya kwanza ya majaribio. Kuongeza amri moja inayopokea ufunguo pamoja na funksheni ya kubadilisha thamani, na kuyatekeleza yote ndani ya muamala mmoja pale kiendeshi kinaporuhusu, kungeirudisha kinga iliyoondolewa. Amri hiyo ya tatu isingekuwa na jina la kuazima, kwa sababu localStorage haijawahi kuwa nayo. Mwandishi angelazimika kusoma maelezo yake kabla ya kuiita.